Mpige picha mzee wako kwa nuru ya dirisha, kama enzi ya Malkia Victoria

Maswali ninayoulizwa kuhusu kupiga picha wazee ni yale yale. Mbona picha ya bibi inatoka kama ya kitambulisho? Ninunue kamera gani? Nifanye nini asikaze uso? Na wale wazee wa Uingereza kwenye picha za kale za rangi ya kahawia, ule uzito wa nyuso zao unapatikanaje? Nayajibu yote hapa, nikimfikiria mtu mwenye simu ya kawaida ambaye hajawahi kumketisha mzee akampiga picha ya maana.

Jibu fupi: zima flashi, mweke mzee kando ya dirisha, mpe muda. Wapiga picha wengi wa zama za Malkia Victoria wa Uingereza (1837 hadi 1901) hawakuwa na njia nyingine, na ndiyo maana kazi zao kwa wazee bado zinatushinda wengi wetu.

Chukua picha moja tu. Aprili 1867, mpiga picha Mwingereza Julia Margaret Cameron alibeba vifaa vyake hadi nyumbani kwa Sir John Herschel, mwanasayansi wa nyota aliyekuwa na miaka 75, huko Kent. Cameron mwenyewe alikuwa ameanza kupiga picha miaka michache tu kabla, akiwa na miaka 48, baada ya binti yake na mkwewe kumzawadia kamera. Nyumbani kwake banda la kuku lilikuwa studio na stoo ya makaa ilikuwa chumba cha giza. Kwa Herschel alitaka nywele zioshwe ziachwe timtim, akamvika mzee vazi jeusi ili uso peke yake ndio uonekane, kisha akaacha nuru ya upande ifanye kazi. Hakuna tabasamu. Macho yamechoka, ila yanatazama kweli kweli, na kila mkunjo una kivuli chake. Kila alichofanya siku ile unaweza kukifanya wewe leo sebuleni.

Cha kuandaa

- Simu yenye kamera inayofanya kazi, au kamera yoyote. Kwa kamera ya lenzi za kubadilisha, lenzi ya milimita 50 hadi 85 inatosha.
- Kitu cha kushikilia simu: stendi, au rundo la vitabu juu ya meza.
- Kiti kigumu chenye mgongo. Kochi halifai, linammeza mtu.
- Shuka jeupe au kadibodi iliyobandikwa karatasi nyeupe.
- Kitambaa cha nyuma, kikubwa, kisicho na maua wala maandishi. Kahawia, kijivu au bluu iliyokolea.
- Daftari na kalamu. Usiviache. Nusu ya kazi hii ni ya kuandika.
- Saa moja na nusu isiyo na haraka, asubuhi, mzee akishakunywa chai na dawa zake.

Hatua kwa hatua

1. Omba ruhusa, na useme picha inakwenda wapi. Mwamkie, kaa, zungumza, ndipo useme shida yako. "Bibi, naomba nikupige picha ya kuweka nyumbani" ni ombi moja. "Naomba niiweke mtandaoni" ni ombi jingine, na linahitaji jibu lake. Muulize bibi kama atajifunika na kwa namna gani. Muulize kama angependa kuvaa meno yake ya bandia. Mambo haya yakiulizwa mapema, faraghani, hayamwaibishi mtu. Yakiulizwa mbele ya wajukuu, kamera ikiwa tayari, yanaumiza.

Mwaka 1877 mpiga picha John Thomson na mwandishi Adolphe Smith walichapisha picha za maisha ya mitaani London. Mmojawapo wa watu wao ni mwanamke aliyeketi kwenye ngazi akiwa hoi, amempakata mtoto mchanga. Anaonekana mzee, na dunia nzima inaijua picha ile. Maelezo yaliyoandikwa kando yake yanasema alikuwa mjane wa fundi cherehani, na mtoto yule alikuwa wa mwanamke mwingine aliyekwenda kazini. Malipo ya kumlea yalikuwa chai na mkate. Bila maelezo yale tungebaki na sura ya maskini tu. Ndiyo sababu nimekuambia ulete daftari.

2. Tafuta dirisha lisiloingiza jua. Unataka mwanga wa anga, si miale ya jua. Vitabu vya Ulaya husema dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua halifiki upande ule. Kwetu karibu na Ikweta ushauri huo haufai: katikati ya mwaka jua hupita kaskazini yetu, na Desemba huwa kusini. Fuata saa. Asubuhi tumia dirisha linalotazama magharibi, jioni linalotazama mashariki. Kama nyumba ina madirisha madogo, tumia mlango. Ukumbi wenye paa wa baraza nao ni studio nzuri kabisa, mradi mzee akae ndani ya kivuli na uso wake uelekee nje.

Zima taa zote za ndani. Taa ya njano upande mmoja na mwanga wa dirisha upande wa pili hufanya ngozi iwe na rangi mbili, na hakuna programu itakayokuokoa.

3. Weka kiti mita moja hivi kutoka dirishani, kwa mshazari. Mzee asitazame dirisha moja kwa moja, wala asilipe mgongo. Aligeuzie bega moja, halafu auelekeze uso kidogo kwenye mwanga. Angalia shavu la upande wa giza: ukiona kipande kidogo cha mwanga chini ya jicho, umepata mahali pake. Likiwa giza tupu, simamisha shuka jeupe upande huo, karibu na bega, hadi jicho la pili lionekane. Usilisogeze sana. Vivuli vyote vikiondoka, uso unakuwa bapa na umerudi kwenye picha ya kitambulisho.

Kuna tahadhari ya kiafya hapa. Mwenye mtoto wa jicho, au aliyefanyiwa upasuaji wa macho karibuni, huteswa na mwanga mkali. Muulize. Kama anakunja macho au anatokwa machozi, sogeza kiti nyuma au shusha pazia jepesi.

4. Tundika kitambaa cha nyuma, mbali naye. Mita moja na nusu nyuma ya kiti ni vizuri, ili mikunjo ya kitambaa isionekane. Cameron alipenda giza nyuma ya kichwa, na kwa nywele nyeupe za Herschel lilifaa sana. Kwa ngozi nyeusi na kilemba au buibui jeusi, kitambaa cheusi humla mzee, kichwa kikapotelea nyuma. Kahawia au kijivu huacha ukingo wa kichwa ukisomeka.

5. Simama mbali, kisha vuta karibu kwa lenzi. Kosa la kila anayeanza ni kuisogeza simu usoni. Lenzi pana ikiwa karibu hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Simama umbali wa mita mbili, tumia lenzi ya mara 2 kama simu yako inayo, na uweke simu usawa wa macho ya mzee aliyekaa. Ukipiga ukiwa umesimama wima, unamtazama kutoka juu, na picha itasema hivyo.

Gusa uso kwenye kioo cha simu ili fokasi ishike jicho lililo karibu nawe. Kisha shusha mwanga kidogo kwa kuburuta ile alama ya jua, hadi mng'ao wa kwenye paji la uso uache kuwa doa jeupe. Zima kilainisha ngozi. Simu nyingi hukiwasha zenyewe, nacho hufuta kile kile ulichokuja kukipiga. Ukiwa na kamera, anza na tundu la lenzi f/4, kasi ya sekunde 1/125, ISO 400 (wepesi wa kamera kuona mwanga), na upandishe ISO kabla ya kupunguza kasi. Mikono na vichwa vya wazee hutikisika.

6. Zungumza naye kabla ya kupiga hata picha moja. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Picha za zama zile zina kina kwa sababu ya wakati. Mwaka 1844 mpiga picha Antoine Claudet alimpiga picha Duke wa Wellington, jemadari wa Uingereza aliyezaliwa 1769. Kamera ilikuwa changa, lakini uso uliokuwa mbele yake ulitoka karne nyingine. Mzee wako naye anafika mbali. Victoria alitawala kutoka 20 Juni 1837 hadi 22 Januari 1901. Hakuna aliyezaliwa katika miaka hiyo ambaye bado yu hai. Mwingereza wa mwisho aliyezaliwa chini ya malkia huyo alifariki Januari 2015, akiwa na miaka 114. Lakini mzee wa miaka 85 leo alilelewa na watu, na bibi yake aliyemlea huenda alizaliwa miaka ya 1880 au 1890. Aliyoyasikia jikoni kwa huyo bibi ndiyo njia yako ya kufika huko.

Kwa hiyo usiulize "maisha ya zamani yalikuwaje?" Swali hilo hujibiwa kwa "yalikuwa mazuri" na mazungumzo yanakufa. Uliza vitu vinavyoshikika:

Bibi yako aliyekulea, mikono yake ilikuwaje? Usiku nyumbani mlipata mwanga wa nini? Nani aliosha maiti? Mtu akizeeka na hana mtoto, alikaa kwa nani?

Swali hilo la mwisho hufungua mengi, na lina uzito wake Uingereza vilevile. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba asiye na uwezo asaidiwe ndani ya nyumba za maskini, ambako mume alitengwa na mke hata kama wameoana miaka 40. Ilibidi ifike 1847 ndipo wanandoa waliopita miaka 60 waruhusiwe kuomba wasitenganishwe. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa 1 Januari 1909, Victoria akiwa ameshakufa: shilingi 5 kwa wiki, kwa waliotimiza miaka 70. Ukiyajua haya, hutazami tena sura za wazee wale na kusema walikuwa wakali kwa tabia. Wengi walikuwa wakifanya kazi hadi mwili ugome.

Usimshurutishe mzee ataje mwaka. England na Wales usajili wa vizazi wa serikali ulianza 1 Julai 1837, siku 11 tu baada ya Victoria kushika ufalme, kwa hiyo wazee wa kwanza kupigwa picha nao walizaliwa kabla ya cheti cha serikali. Tumia matukio. Mtu wa Unguja huenda alisimuliwa mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896, iliyolivunja jumba la mfalme kwa muda usiofika saa moja. Mtu wa Mombasa atakuwa na habari za ujenzi wa reli, ulioanza mwaka huo huo. Bara upande wa Tanganyika watawala wa miaka ile ya mwisho walikuwa Wajerumani, kwa hiyo uliza kwa matukio ya enzi ya Wajerumani.

Tahadhari ya pwani: usimuulize mtu kama babu zake walikuwa watumwa au walimiliki watumwa. Soko la Unguja lilifungwa 1873, hali ya utumwa ikafutwa kisheria visiwani 1897, lakini nyumba nyingi bado hazitaki neno hilo litajwe na mgeni. Akilianzisha mwenyewe, sikiliza, na uulize tena baadaye kama anakubali uliandike.

7. Piga picha baada ya jibu, si katikati yake. Mtu anayeongea hutoka mdomo wazi na jicho nusu. Mwache amalize sentensi. Kisha nyamaza. Kuna muda mfupi, sekunde mbili au tatu, mdomo umefunga lakini fikra bado iko kule ilikokuwa. Macho hayajarudi chumbani. Hapo ndipo unapobonyeza. Usimwambie "cheka". Katika picha za kale watu hawacheki kwa sehemu kwa kuwa tabasamu haliwezi kushikiliwa kwa sekunde nyingi bila kukakamaa. Mzee akicheka mwenyewe, piga, bila shaka, ila usimwombe.

8. Usisahau mikono. Mwombe aiweke mapajani au juu ya mkongojo, na upige moja ya mikono pekee. Mpe cha kushika, kiwe chake: tasbihi, miwani, ukili anaousuka. Wajane wa zama za Victoria walipigwa picha wakiwa wameshika picha ya marehemu mume. Malkia mwenyewe, baada ya mumewe Albert kufa 14 Desemba 1861, alipigwa picha akiwa na sanamu ya kichwa cha mumewe, na alivaa nguo nyeusi hadi mwisho wa maisha yake. Kama mzee wako ana picha ya zamani ya studio, itoe kwenye fremu kwa kushika kingo zake, aishike yeye. Kioo cha fremu kitarudisha dirisha lote.

Na tafadhali, usimvalishe bibi kofia ya lesi na shumizi ili "afanane na Victoria". Kanga yake inatosha.

9. Jaribu picha moja ya sekunde mbili. Si lazima, ila naipenda. Weka simu kwenye stendi, fungua hali ya Pro (ile ya kupanga kila kitu mwenyewe), ISO chini kabisa, kasi sekunde 2. Mchana chumba kinaweza kuwa na mwanga mwingi mno, kwa hiyo shusha pazia. Mwegemeze mzee kichwa: studio za Victoria zilikuwa na chuma cha kushikilia kisogo kwa nyuma, wewe weka mto kati ya kisogo na ukuta. Mwambie avute pumzi, aitoe, kisha atulie. Nguo zitalainika kidogo kingoni, na uso utakuwa na utulivu ambao picha ya ghafla haiutoi.

10. Ukitaka nyeusi na nyeupe, angalia rangi nyekundu. Bamba za kolodioni (vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa picha), zilizotumika kuanzia 1851, ziliona mwanga wa bluu na karibu hazikuona mwekundu. Ngozi ya Mwingereza ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, madoa na mikunjo ikakolea, macho ya bluu yakawa meupe. Programu nyingi zenye mtindo wa "picha ya kale" huiga jambo hilo kwa kushusha nyekundu. Kwa ngozi yetu matokeo ni mabaya: uso unakuwa kivuli na maelezo yote yanapotea. Fanya kinyume. Geuza picha, kisha pandisha nyekundu na rangi ya chungwa polepole hadi mashavu yafunguke. Rangi ya kahawia, ukiitaka, iwe kidogo sana.

11. Chapa, na uandike nyuma. Masoko ya vitu vya kale Uingereza yamejaa vipicha vidogo vya kadi, vya miaka ya 1860, vyenye jina la studio kwa maandishi ya dhahabu na bila jina la mtu. Andika kwa penseli laini: jina kamili, jina la baba na mama yake, mahali, tarehe, na sentensi moja aliyosema. Chapa nakala mbili, ya kwanza impelekee yeye kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote.

Ukikwama

*Picha imetikisika.* Kama kila kitu kimetikisika, ni mkono wako; tumia stendi na kipima muda cha sekunde 3. Kama kiti kimetulia na uso umetikisika, ni mzee. Ongeza kasi au msogeze karibu na dirisha.

*Miwani inaonyesha dirisha.* Inua kidogo vijiti vya miwani juu ya masikio ili vioo viiname chini, au geuza kiti kidogo. Usimvue, kama huvaa siku zote ndiyo sura yake.

*Uso unang'aa.* Mpe leso abonyeze, asisugue. Ikibaki, tandaza pazia jepesi dirishani.

*Uso umekaza.* Umeanza kupiga mapema mno. Weka simu chini, rudi hatua ya 6. Mara nyingi mjukuu mdogo aliyeketi miguuni pa mzee humaliza tatizo.

*Hasikii vizuri.* Kaa upande wa sikio lake zima, sema taratibu bila kupaza sauti, na simu iachie stendi.

*Anachoka.* Akianza kuegemea upande au kujibu kwa neno moja moja, imetosha kwa leo. Kunywa naye chai, rudi wiki ijayo saa ile ile ili upate mwanga ule ule.

*Familia wanataka umlainishe uso.* Ni ombi la zamani: studio za Victoria zilikuwa na mafundi wa kufuta makunyanzi kwa penseli juu ya negativu. Tengeneza nakala mbili, moja iliyolainishwa kidogo na moja ilivyo, umpe mzee achague. Wazee wengi niliowapiga huchagua ile ilivyo, na aliyechagua laini mpe laini, lakini lile faili la asili usilifute.

*Amekataa.* Usimpige kwa siri akiwa amelala au anatazama pembeni. Mwombe upige kiti chake, mkongojo wake na viatu vyake mlangoni, na uendelee kuandika anayoyasema.